Tumeelewa, Mwalimu

Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Mmeelewa, na hawakumwonea. Hamalizi sentensi tatu bila kuuliza, "Mmeelewa?" Akifundisha namna ya kukata kitovu atauliza, akitangaza kwamba wiki ijayo hakuna kipindi atauliza vilevile. Jina hilo alilijua na wala hakulichukia. Aliona ni ushahidi kwamba anajali.

Alikuwa mkunga wa wodini kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuwa mwalimu wa wakunga, na sasa, mwenye miaka hamsini na saba, alikuwa akifundisha watu asiowaona. Chuo kilikuwa na kozi ya miezi mitatu ya dharura za uzazi kwa wauguzi na wakunga wa vituo vidogo, watu ambao hawawezi kufunga kituo wakaja kukaa darasani. Kozi ilikwenda kwa mtandao, kila Jumatano, saa nane mchana hadi saa kumi. Asiyepata cheti chake aliondolewa wodi ya wazazi akapelekwa kugawa dawa dirishani. Haikuwa kozi ya mchezo.

Alifundishia katika kichumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa karakana ya mumewe, fundi saa aliyestaafu. Rafu zilikuwa bado zimejaa saa za ukutani zilizokufa, kila moja na wakati wake. Mwalimu alitundika shuka jeupe kuzificha, akaweka kompyuta juu ya vitabu viwili vinene ili kamera isimwangalie puani, na hapo ndipo alipomwaga elimu. Kila kipindi kilikuwa na slaidi themanini na nne. Alizisoma zote.

Awamu iliyotangulia walikuwa wanafunzi ishirini na mmoja, wakafaulu sita. Mkuu wa chuo alimwandikia barua ya mistari minne: safari hii wasipofaulu angalau nusu, masomo yatarekodiwa kwa video na mtu mwingine, na mwalimu atapewa mapumziko ya uzeeni kabla ya wakati. Aliisoma mara mbili, akaitia kwenye faili. Alimwambia mumewe tu kwamba wanataka kumzika akiwa anatembea. Lakini barua ilimuuma. Kazi hiyo ndiyo aliyokuwa nayo, na hakujua angeamka asubuhi kufanya nini kingine.

Safari hii walikuwa ishirini na watatu, na mmoja wao alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anapaona kwa wiki mara moja kwa mwezi. Mkwe alifanya kazi kituo cha afya kilicho mwendo wa nusu saa kwa miguu, na Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mama mkwe aliamua kwamba darasani asijue mtu yeyote, yasije yakasemwa ya upendeleo. Kwenye orodha mkwe alikuwa namba kumi na saba. Kila Jumatano alikaa sebuleni na simu yake, hatua kumi kutoka karakana, na mpaka saa kumi hao wawili hawakuwa na udugu wowote.

Waliheshimiana mno. Watu wanaoheshimiana mno ndani ya nyumba moja huongea kidogo, na wao waliongea kidogo: shikamoo mama, marahaba mwanangu, chumvi imekwisha.

Wiki ya tatu mwalimu alifundisha somo ambalo ndilo moyo wa kozi nzima, mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Alifundisha kwa nguvu zake zote. Alieleza michoro, alionyesha mishale, alisema "kama mnavyoona hapa upande wa kushoto" si chini ya mara ishirini. Kila baada ya slaidi tano aliuliza swali lake, na kila mara majibu yalimiminika kwenye skrini: Ndiyo mwalimu. Tumeelewa mwalimu. Asante mwalimu. Alipomaliza alijisikia vizuri kabisa, akafungua mlango kwenda kunywa maji.

Sebuleni mkwe alikuwa bado hajazima simu. Mwalimu akaitupia jicho kwa juu. Ilionyesha slaidi ya kwanza: nembo ya chuo, jina la somo, tarehe.

"Mbona iko mwanzo?"

Mkwe akasimama. "Iko hivyo, mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa nane."

"Unamaanisha saa mbili nzima mnaangalia nembo ya chuo?"

"Na sauti pia ilikuwa inakatika, mama. Ilikuja mwanzoni, halafu ikapotea kama nusu saa, halafu ikarudi."

Mwalimu alihesabu kwa macho hatua kutoka kochi hadi mlango wa karakana. "Sasa wewe umekaa hapa. Hapa! Umeshindwa nini kunyanyuka ukanigongea?"

Mkwe aliangalia vidole vyake vya miguu. "Ulikuwa unafundisha, mama."

Mumewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kalamu sikioni, gazeti magotini. Alicheka hadi akakohoa. "Mama umehutubia ukuta," alisema, "na ukuta ukajibu umeelewa."

Mwalimu hakucheka. Alirudi karakana, akajifungia, akakaa mbele ya kompyuta iliyozimwa. Hasira yake ya kwanza ilikuwa kwa mtandao, ya pili kwa mkwe, na ya tatu, iliyochelewa kidogo lakini ikakaa zaidi, ilikuwa kwa nafsi yake.

Kesho yake alipiga simu kwa wanafunzi watatu aliowachagua bila mpango. Wa kwanza alikuwa muuguzi mzee, mwanamume aliyebakiza miaka michache kustaafu, na wenzake walimwita Babu. "Mwalimu wangu," alisema Babu, "mkubwa anaongea, mimi nitaanzaje kumkatiza? Nilijua utagundua mwenyewe." Wa pili alikiri kwamba alikuwa anahudumia kliniki ya watoto, simu ikiwa mfukoni mwa koti, na kila ilipotetemeka alibonyeza jibu. Wa tatu alikuwa mkunga kijana mwenye kucheka ovyo. Huyo alisema ameihifadhi ile sentensi, Ndiyo mwalimu tumeelewa, ili asichoke kuiandika kila mara. Alisema wengi wameihifadhi.

"Mmehifadhi," alirudia mwalimu.

"Ndiyo, mwalimu. Samahani, mwalimu."

Alikaa na jambo hilo siku tano. Yeye mwenyewe hakujifunza ukunga kwa slaidi. Alifundishwa na sista mmoja mkali kama pilipili, aliyemshika mkono akauweka juu ya tumbo la mzazi na kumuuliza, "Unasikia nini?" Usiposikia kitu ulirudisha mkono mpaka usikie. Sista yule hakuwahi kumuuliza mtu kama ameelewa.

Jumatano iliyofuata wanafunzi walipata ujumbe saa mbili asubuhi. Kila mtu awe na beseni, jagi lenye alama za vipimo, mashuka mawili mabovu, mto mrefu, na rangi yoyote nyekundu. Wasio na rangi wachemshe majani yoyote yatakayotoa wekundu. Chini yake mwalimu aliandika kwamba neno "tumeelewa" limepigwa marufuku darasani hadi atakapotangaza vinginevyo. Namba kumi na saba alisoma ujumbe huo akiwa jikoni, akamwangalia mama mkwe aliyekuwa anakunywa chai mbele yake, akaenda kutafuta beseni.

Hakukuwa na slaidi. Kulikuwa na meza, mto uliovishwa gauni kuukuu kuwa ndiye mzazi, na shuka chini yake. Mwalimu alimimina maji mekundu kutoka kwenye jagi lililofunikwa kwa karatasi, akayaacha yaenee. "Mzazi wenu huyu," alisema. "Ametoka damu kiasi gani? Kila mtu aandike namba. Sitaendelea mpaka nione namba ishirini na tatu."

Ilichukua dakika sita. Namba zilikuja kwa kusuasua: mia mbili, mia mbili na hamsini, mia tatu. Aliyejitutumua kabisa aliandika mia nne. Mwalimu akabandua ile karatasi. Zilikuwa mililita mia saba.

Kwa mara ya kwanza tangu kozi ianze, mtu aliwasha kipaza sauti bila kuombwa. "Haiwezekani!" alisema yule mkunga kijana. Akajaribu mwenyewe nyumbani kwake, akamimina mia saba kwenye shuka lake, na kamera zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine kwa sababu kila mtu alitaka kuona. Mwalimu aliona nyuso zao siku hiyo. Babu alikuwa na kipara kikubwa kuliko alivyomdhania.

Tangu hapo mambo yalibadilika, ingawa si kwa siku moja. Aliwagawa watatu watatu. Kila kikundi kilikuwa na zamu ya kumimina na wengine kukisia. Somo la kuongea alilipunguza likabaki dakika kumi, kisha mikono ikafanya kazi. Aliwafundisha kuinua shuka, kwa sababu damu hujificha chini ya mzazi, na kupima kwa mizani, kwa kuwa shuka lililolowa huzidi shuka kavu kwa uzito unaohesabika. Mumewe alitoa mizani yake midogo ya kupimia vyuma vya saa, akaambiwa ni midogo mno, akanuna siku nzima, halafu akaenda kununua ya jikoni.

Na aliwawekea jambo moja la ziada. Kila kipindi angefanya kosa moja kwa makusudi, na atakayelitaja angepata alama mbili. Kipindi cha kwanza alimhudumia mzazi wake wa mto akiwa amevaa glovu mkono mmoja tu. Hakuna aliyesema neno. Alipouliza mwishoni, kumi na nne walikuwa wameona. "Nilifikiri labda glovu zimekuishia, mwalimu," alisema mmoja wao. Kipindi cha pili alisahau kwa makusudi kumpima mzazi mapigo, na Babu, baada ya kukohoa mara tatu na kuomba radhi mara mbili, akamwambia. Wiki ya nane walikuwa wanamtajia makosa ambayo hakuyapanga. Mwalimu alikasirika kimyakimya, akawapa alama zao.

Mkwe peke yake hakutaja kosa hata moja. Makisio yake yalikuwa ya karibu kuliko ya wote, lakini aliyaandika tu, hakufungua mdomo. Mama mkwe aliliona hilo na lilimkera, ila angefanya nini. Hakutaka kumsema darasani kwa sababu ni mwanafunzi kama wengine, na hakutaka kumsema mezani kwa sababu ni mkwe.

Kipindi cha mwisho kabla ya mtihani, mkuu wa chuo alijiunga kusikiliza. Alikuwa daktari aliyetumia miaka mingi nyuma ya meza kuliko kando ya kitanda, mtu mpole wa kuongea na mgumu wa kuamua. Alisalimia, akasema yeye ni mgeni tu, waendelee kama hayupo. Mwalimu alivaa koti jeupe siku hiyo. Mumewe ndiye aliyemwandalia mzazi, kwa siri, ili hata mwalimu mwenyewe asijue kipimo. Lilikuwa wazo lake mwalimu, na alilipenda.

Kawaida yake ilikuwa kusubiri namba za wanafunzi kwanza. Lakini mkuu alikuwepo, na barua ile ya mistari minne ilikuwa kwenye faili, na alitamani mkuu aone jicho la mkunga lilivyo. Alilitazama shuka, akainamisha kichwa kidogo.

"Mia tano," alisema. "Haya, na ninyi."

Namba zilikuja chapuchapu safari hii. Mia tano. Mia tano. Mia nne na themanini. Mia tano. Mia tano na hamsini. Mkuu alionekana akitikisa kichwa kwa kuridhika. Zilifika ishirini na mbili, na zote zilisimama pembeni ya namba ya mwalimu.

"Namba kumi na saba hatujaiona," alisema mwalimu.

Sauti ya mkwe ilifika mara mbili, kwanza kupitia mlango na kisha kwenye kompyuta.

"Umekosea, mwalimu. Hujainua shuka."

Mwalimu aliuinua mto. Shuka la juu lilikuwa limelowa kiasi, lakini la pili, lililokunjwa chini ya kiuno, lilikuwa linachuruzika, na ukingoni mwa meza maji mekundu yalikuwa yakidondoka taratibu kwenye beseni ambalo hakuliangalia kabisa. Alichukua kikaratasi alichoandika mumewe, akakifungua. Mia tisa na hamsini. Kwa mia tano unampa dawa, unamkanda tumbo, unasubiri uone. Kwa mia tisa na hamsini unapiga kelele, unaita watu, unatafuta gari.

Mkuu wa chuo ndiye aliyesema kwanza, kwa upole wake.

"Bila shaka hilo ndilo kosa la makusudi la leo, mwalimu. Nimesikia sifa za mchezo wenu huu. Safi sana."

Alikuwa amefunguliwa mlango mpana, apite. Angesema ndiyo tu. Angetabasamu, angempa namba kumi na saba alama zake mbili, na mkuu angeondoka akiwa amefurahi. Mwalimu aliutazama mlango huo kwa muda ambao baadaye mumewe alisema ulikuwa mrefu sana.

"Hapana, daktari," alisema. "Kosa la makusudi lilikuwa linakuja baadaye. Hili nimekosea mwenyewe."

Babu akawasha kipaza sauti. "Mwalimu wangu, mimi nilikuwa nimeandika mia nane. Nilipokusikia nikafuta."

"Mimi pia nilifuta," alisema mkunga kijana. "Mia tisa."

Wakaanza kujitaja mmoja mmoja. Kumi na mmoja walikuwa wamefuta. Wengine hawakuandika kabisa mpaka waliposikia namba yake. Mwishowe mkuu wa chuo akavua miwani akaifuta kwa tai.

"Hata mimi niliona beseni likidondokewa," alisema. "Nikadhani unajua unachofanya."

"Basi tazameni," alisema mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kufundishia. "Watu wazima ishirini na wanne, wote wenye taaluma, tumekubaliana. Na mama huyu angetufia mkononi, kwa adabu zetu. Namba kumi na saba ana alama zake. Sasa kila mtu amwage maji kwake, tuanze upya, na mimi nitasema wa mwisho."

Mtihani ulisahihishwa na watu wa chuo kingine. Matokeo yalikuja Ijumaa ya wiki ya pili, pamoja na barua ya mkuu iliyopungua ikawa ya mistari mitatu. Walifaulu kumi na saba. Kozi ingeendelea na mwalimu angeendelea nayo, na walimu wengine wa mtandaoni wangeombwa kuhudhuria vipindi vyake. Kwenye matokeo, aliyeongoza alikuwa mkwe.

Mzee, mume wa mwalimu, alizunguka nyumba nzima na ile karatasi akimsomea kila aliyeingia, pamoja na muuza maji. Mwalimu alisubiri apate kutulia. Kisha akaenda chumbani kwa mkwe, ambako hakuwa na mazoea ya kuingia, akagonga, akakaa pembeni ya kitanda karibu na nguo zilizokuwa zinakunjwa. Alisema hongera. Mkwe akasema asante, mama. Wakakunja nguo mbili tatu.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema mwalimu. "Wiki zote zile hukunisahihisha hata mara moja. Simu ilikwama kwa saa mbili nzima, ukakaa. Na siku ile, mbele ya mkuu, ukasema. Ulipata wapi moyo?"

Mkwe aliendelea kukunja fulana ya mumewe, mikono ndani, shingo juu.

"Miaka mitano iliyopita," alisema, "nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Kulikuwa na mama mmoja, mtoto wake wa tatu. Sista wetu alimwangalia akasema damu ni kidogo, mia tatu, tumwache apumzike. Ni sista mzuri, mama, ana uzoefu. Mimi nilikuwa nimetandika kile kitanda, nilijua shuka la chini limelowa."

"Ukamwambia?"

"Nilisema ndiyo, sista."

Mwalimu aliweka chini nguo aliyokuwa ameishika. Huruma ilimjaa, na woga pia. Aliwakumbuka wanafunzi wake wote wa miaka yote, na hakujua ni wangapi kati yao waliwahi kusimama kando ya kitanda namna hiyo.

"Yule mtoto aliyemwacha yuko darasa la awali sasa," alisema mkwe. "Huwa namuona asubuhi, bibi yake anampitisha mbele ya kituo."

Mwalimu alimshika mkono, akaushikilia. Mzee aliita kutoka sebuleni kwamba chai inapoa, wakamwacha aite.